Baragumu la Subirini

Anayetaka hadithi avute mkeka, na asiyetaka naye avute, maana nyumba ni ndogo na sauti yangu haichagui masikio. Ni habari ya Bi Mashavu binti Chande, mshonaji wa Tanga, aliyefuata gemu ya kompyuta mpaka nchi ya Subirini akaileta nyumbani. Najua mnacheka kusikia mwanamke mwenye wajukuu amefunga safari kwa ajili ya gemu. Chekeni mmalize, tuendelee.

Mashavu ana dada mmoja tu, Mwanakombo, aliyehamia nchi ya baridi kwa binti yake Zena miaka mingi iliyopita. Mwaka jana kumbukumbu za Mwanakombo zilianza kumtoroka. Alitia sukari kwenye kabati la viatu, akamwita binti yake kwa jina la marehemu mama yake, akapiga simu Tanga asubuhi kusalimu, na mchana akapiga tena kulalamika kwamba siku hizi watu wa Tanga hawasalimiani. Zena akashauriwa ampe mama gemu ya kujenga, ile ambayo mtu anapanga matofali ndani ya kompyuta akainua nyumba, mji, chochote. Na yule bibi asiyekumbuka alichonywea chai akaanza kuijenga nyumba ya baba yao, iliyobomolewa kupisha barabara walipokuwa wasichana. Alijenga baraza, akajenga ukumbi, akajenga jiko la uani na kisima chake. Alipofika chumba cha mama, akakwama.

"Mdogo wangu," alisema kwenye simu, "dirisha la chumba cha mama lilikuwa upande wa kisimani au upande wa njiani?"

"Kisimani, dada."

"Kwenye simu kila mtu anajua. Njoo humu ndani usimame, unionyeshe kwa kidole. Zena anasema hata mtu aliye Tanga anaweza kuingia. Njoo upesi, kabla sijasahau ninachouliza."

Mashavu alikata simu, akalia kidogo, kisha akaifunika cherehani na kufungua kompyuta aliyoletewa na Zena. Aliiagiza gemu, na kile kimstari cha kijani kikaanza kutambaa. Kilifika nusu, kikasimama. Akamwita Fundi Kibwana wa duka la simu, mtu mzima aliyetundika vyeti ukuta mzima. Fundi akaitazama mashine, akasema, "Zima, kisha washa." Mashavu akazima, akawasha, na kimstari kikaanza mwanzo kabisa kama vile hawajawahi kuonana. Kilifika nusu, kikasimama tena. Fundi akasema ni mtandao, akasema ni mvua, akasema labda kompyuta imeshiba mapicha ya harusi, akavuta pumzi, akasema azime awashe. Wiki nzima ikaenda hivyo, Mashavu akizima na kuwasha. Alhamisi Mwanakombo akapiga simu tena. "Kuna kitu nilitaka kukuuliza cha dirisha," alisema. "Sasa sijui dirisha gani."

Hapo Mashavu akaamua kwenda kuitafuta gemu huko huko inakokwamia. Alifikaje? Msiniulize. Wapo wasimulizi watakaowapa vumbi la njia na majina ya mito, halafu wakifika huko hawana la kusema. Mashavu alikuwa Tanga, akakasirika, akawa Subirini.

Nchi ile imezungushiwa ukuta, na bawabu wa geti lake anaitwa Shaka. Alikuwa mwembamba, macho hayatulii, na alimsimamisha Mashavu kwa kiganja.

"Unajulikana?"

"Tanga nzima."

"Hapa je?"

"Hapa ndio kwanza nafika."

"Basi hujulikani. Asiyejulikana haingii."

"Na mtu anajulikanaje?"

"Kwa kuingia," alisema Shaka, na alilisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto.

Wakiwa katika hayo akatokea bwana mmoja mwenye gunia linalogongana vyombo, na kifuani amevaa kibao kilichoandikwa "Mimi si mwizi." Shaka akampigia saluti, akamsaidia hata kuinua gunia. Mashavu akamuuliza kama amemkagua. Shaka akashangaa. "Ya nini? Si umekiona kibao?" Basi Mashavu akatoa chaki yake ya kushonea na kuandika kwenye mkoba wake, "Wala mimi." Shaka akasoma, akasimama wima, akampigia saluti.

Ndani ya geti alikuwapo mpiga mbiu aliyemuuliza kila mgeni, "Je, umekubali masharti?" na kila mgeni alisema amekubali kabla swali halijaisha. Mashavu akauliza masharti yenyewe ni yapi. Foleni nzima ikamwangalia kama mtu aliyepiga chafya msikitini.

"Mama, mimi huuliza tu," alisema mpiga mbiu kwa sauti ya chini. "Babu yangu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuyajua. Alikuwa akisema kuna mahali inatajwa figo."

"Figo ya nani?"

"Ya aliyekubali."

Mashavu alimkumbuka Mwanakombo na dirisha lake, akasema amekubali, mkono mmoja ameuweka kiunoni kulinda angalau figo moja.

Katikati ya mji ule kuna uwanja, na katikati ya uwanja limelazwa gurudumu kubwa la mbao, wanaume wakilisukuma kwa zamu. Wananchi hukaa kulizunguka na kulitazama kwa heshima. Mashavu alimkuta mama mmoja akimenya karanga, akamuuliza gurudumu linasaga nini.

"Halisagi kitu."

"Linateka maji?"

"Wewe mgeni una maswali. Linazunguka. Maadamu linazunguka, tunajua kazi inafanyika."

"Kazi gani?"

"Sasa hiyo," alisema yule mama, "hatujapata kuiona."

Mashavu alitaka kucheka, lakini akajikuta naye amekaa analitazama. Lilikuwa linavuta macho, siwezi kulisingizia. Alipozinduka, karanga za yule mama zilikuwa zimekwisha menywa na jua limehama upande. Akajilaumu, akauliza njia ya kwenda Idara ya Msaada.

Idara ya Msaada ndiyo ofisi kubwa kuliko zote Subirini, na foleni yake inaanzia uani kwa watu. Mlangoni pana kasuku juu ya kijiti, aliyenona kuliko mtu yeyote mle ndani, na kazi yake ni kusema, "Shida yako ni muhimu sana kwetu. Endelea kusubiri." Mashavu alisimama nyuma ya Bwana Matone, mzee aliyekuja kwa ajili ya paa lake linalovuja. Shati lake lilikuwa bichi mgongoni. Walisubiri, wakasikilizana habari za nyumbani, na hatimaye wakafika mbele ya Mheshimiwa Awali, mkuu wa idara. Alikuwa amefanana na Fundi Kibwana kama shilingi kwa ya pili, ila huyu alivaa joho.

"Bwana," Awali alimwambia Matone, "umejaribu kulala ukaamka?"

"Nimejaribu, Mheshimiwa. Paa bado linavuja."

"Hayo ni malalamiko?"

"Sijui niyaite nini. Nalowa."

Awali akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia Mashavu, maana alimwona mgeni na viongozi wa kule hupenda sana kuwaeleza wageni. Zamani, alisema, nchi ilikuwa imejaa shida. Wahenga wao wakagundua kwamba mtu aliyesahau shida yake hana shida. Tangu siku hiyo dawa ni moja. Mtu akilalamika, baragumu linapigwa, nchi nzima inalala pale pale ilipo, na ikiamka imesahau na inaanza upya. "Leo hii," alisema Awali, "hatuna shida hata moja iliyozidi umri wa asubuhi."

Kisha akapiga baragumu. Makarani wakalala chini ya meza, foleni ikalala kwa mstari, na kasuku akaanguka kutoka kijitini kwa kishindo. Aliyebaki amesimama ni Mashavu peke yake, kwa kuwa sikio la mgeni halijazoea, na aliona haya kama mtu aliyekosea saa za kufika shughulini. Baada ya muda wakaamka wakijinyoosha.

"Karibu," Awali alimwambia Matone. "Una shida gani?"

Matone akafikiri. "Nahisi nilikuwa nayo."

"Basi imetatuliwa."

Makarani wakapiga makofi. Bwana Matone akatoka ameridhika, akijishika mgongo wa shati na kushangaa umelowa na nini.

Ikaja zamu ya Mashavu. Aliambiwa gemu yake imeshatoka Ghala Kuu, nyuma ya kilima, na inaletwa kipande kipande na wapagazi. "Mbona haifiki?" aliuliza. Mkono wa Awali ukaanza kwenda kwenye baragumu. Mashavu si mjinga. Akasema haraka kwamba anauliza tu, kwa kupenda elimu, akaaga, akashika njia ya kilimani.

Alichokiona kule kilimchoma. Njia nzima, kutoka ghalani mpaka karibu na geti, ilikuwa imejaa mizigo iliyotelekezwa. Palikuwa na matofali ya kila rangi, milango, majani ya miti katika makapu, vipande vya mbingu vilivyokunjwa kama mikeka. Ilikuwa ni gemu yake yote, imelala vumbini. Akamwona mpagazi mmoja, mwanamke imara aliyeitwa Mwendo, akipanda kilima na kipande cha mbingu kichwani, jasho likimtoka. Alikuwa karibu kufika juu baragumu lilipolia mjini. Mwendo akatua mzigo, akalala, akaamka, akautazama ule mzigo.

"Hiki cha nani?"

"Chako," alisema Mashavu. "Umekileta mwenyewe sasa hivi."

"Mimi? Mimi ndio kwanza naanza kazi leo." Akajifunga kanga vizuri, akarudi ghalani mikono mitupu, akiimba.

Mashavu akakaa juu ya rundo la matofali. Sasa ndipo alipoelewa. Kila Fundi Kibwana aliposema zima, baragumu lililia kilimani, na kidole kilichobonyeza kilikuwa cha Mashavu mwenyewe. Wiki nzima alikuwa akiirudisha gemu ghalani kwa haraka yake ya kuipata. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu, kwa sababu Tanga kulikuwa na simu ambayo siku yoyote ingelia na dada yake asijue amempigia nani.

Alirudi mjini akaomba kusikilizwa na Baraza la Nchi. Aliwaeleza kwamba mizigo yote iko njiani tayari, haikupungua hata tofali. Kinachotakiwa ni wapagazi waachwe macho, na atokee mtu wa kuwakumbusha walipoishia. Wajumbe walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaanza kumjibu.

"Leo utamkumbusha mpagazi alipoishia na mzigo," alisema mjumbe mmoja mnene. "Kesho atakumbuka labda tulimwahidi viatu. Sijui kama tulimwahidi. Lakini mtazame miguu."

"Na akikumbuka viatu," alisema mwingine, "atakumbuka na daraja."

"Daraja gani?"

"Unaona? Hata sisi tumeshapona."

"Mimi sikumbuki nilichoahidi niliposimama," alisema yule mnene, na sauti yake ilikuwa na unyofu kabisa, "na walionichagua hawakumbuki kama walinichagua. Hiyo ndiyo amani yetu, mama. Usije ukatuvunjia."

Mjadala ukanoga, wakagawanyika, na kulikuwa na dalili kwamba upande wa Mashavu unapata watu. Ndipo mjumbe wa nyuma akasema ukumbi una joto. Hayo yakahesabiwa kuwa malalamiko, baragumu likalia, Baraza likalala. Walipoamka waliulizana wamekutania nini, na kwa kuwa hakuna aliyejua, wakajipongeza na kwenda kula. Hoja ya Mashavu haikushindwa. Ilikosa tu mtu wa kuikumbuka.

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Mashavu alishona miaka mingi, na mshonaji akivuta uzi kwa hasira anakata uzi. Alikaa karibu na gurudumu, akalipa mgongo safari hii, akafikiri. Baragumu halilii bila malalamiko. Basi dawa si kulipokonya baragumu. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, seuze Mheshimiwa Awali ofisini mwake.

Kesho yake asubuhi akaenda kwenye foleni. "Mkifika mbele," aliwaambia watu, "msilalamike. Shukuruni."

"Tushukuru nini?" aliuliza Bwana Matone, ambaye alikuwa amerudi na shati bichi.

"Chochote. Mshukuruni kasuku."

"Mama, mimi nalowa. Nimshukuru kasuku?"

"Ukilalamika watakulaza, na ukiamka utalowa vile vile ila hutajua kwa nini. Ukishukuru, utalikumbuka paa lako mpaka jioni. Mtu akilikumbuka paa lake mpaka jioni, anapanda mwenyewe akaliziba."

Matone akalikamua shati lake. "Nadhani nina makuti mapya nyuma ya nyumba," alisema polepole. "Nadhani niliyanunua mwenyewe." Na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeokota kitu chake njiani.

Yeye ndiye aliyetangulia. Awali akamuuliza ana shida gani. "Sina," alisema Matone. "Nimekuja kushukuru kwa kiti hiki." Aliyefuata akashukuru kwa gurudumu. Mwingine akashukuru kwa mlango, kwamba unafunguka. Yule mama wa karanga akamshukuru Awali kwa joho lake, akasema linampendeza, na lilikuwa halimpendezi. Mkono wa Awali ulikuwa unaenda kwenye baragumu na kurudi, unaenda na kurudi, kwa sababu sheria ya kule ina majibu ya kila lalamiko lakini haina hata neno moja la kumjibu mtu anayeshukuru. Kasuku akaanza, "Shida yako," akanyamaza, akaanza tena, "Shida," kisha akageuka akatazama ukutani.

Mpaka adhuhuri Awali alikuwa anatoka jasho. "Hali hii haivumiliki," aliwaambia makarani wake. "Naleta malalamiko."

"Dhidi ya nani, Mheshimiwa?"

"Dhidi ya utulivu huu."

Sasa sheria inasema shida ya ofisi hutibiwa ofisini. Wakafunga milango na madirisha, wakaziba mdomo wa baragumu kwa mto, wakalipiga kwa sauti ndogo, wakalala. Walipoamka hawakukumbuka kitu, wakafungua mlango, wakakuta foleni inashukuru. Awali akalalamika tena, wakafunga tena, wakalala tena. Waliendelea hivyo siku nzima, na nje ya mlango ule, kwa mara ya kwanza tangu wahenga, hakuna mwananchi aliyelazwa.

Mashavu alikuwa ameshapanda kilimani. Aliwasimamisha wapagazi mmoja mmoja. "Usirudi ghalani. Mzigo wako huu hapa, uliishia hapa." Hawakumwamini. Mwendo alimwambia waziwazi kwamba mgeni akikaa sana juani huanza kusema hovyo. Mashavu akamwonyesha kile kipande cha mbingu. Kilikuwa kimefungwa kwa utepe uliochanwa kwenye upindo wa kanga. Mwendo akashika upindo wa kanga yake mwenyewe, palipochanika, akaulinganisha na ule utepe. Ukaingia sawasawa.

Akakaa chini. Alilia kwanza, kisha akacheka, kisha akatazama njia yote aliyoipanda kutoka ghalani mpaka pale.

"Kumbe mimi hufika mbali hivi," alisema.

Akaubeba mzigo. Wengine walipoona Mwendo amebeba, wakaanza kutafuta vifundo vyao kwenye mizigo, wakaitana, huyu akisema wangu huu, yule akisema mwenzenu nilibakiza hatua chache tu. Msafara ukashuka kilima kuelekea getini, na Mashavu mbele akiwaambia walipo kila walipokata kona.

Getini Shaka akanyoosha kiganja. "Gemu hii siijui."

"Naijua mimi."

"Nawe nani?"

"Shaka, mwanangu," alisema Mashavu, "nyuma ya ukuta wako kuna nini?"

"Sijui. Mimi nilipewa ukuta tu, niulinde."

"Nyuma yake kuna chumba changu, na meza yangu, na cherehani yangu. Unachokilinda ni nyumba yangu. Mimi ndiye mwenye nyumba, na gemu hii ni mgeni wangu. Mfungulie."

Shaka alitulia macho kwa mara ya kwanza. Katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba ile ina mwenyewe. Alikuwa bado anafikiri pale alipopita yule bwana wa kibao, safari hii amebeba bawaba za geti lenyewe. Shaka akampigia saluti kwa mazoea. Geti likaanguka, na wapagazi wakapita kwa urahisi zaidi.

Mashavu alijikuta mezani kwake Tanga, na kimstari cha kijani kilikuwa kimejaa mpaka mwisho. Fundi Kibwana alikuwa amesimama mlangoni na begi lake. "Bado haijakubali?" alisema. "Basi zima..." Mashavu akamgeukia, na sijui fundi aliona nini kwenye uso ule, ila alikumbuka ana mteja mwingine.

Gemu ikafunguka, na Mashavu akawa amesimama kwenye baraza la baba yake.

Lilikuwa la matofali ya mraba, miti yake ya mraba, hata mbingu ina pembe. Lakini kizingiti kilikuwa palepale, na ngazi iliyokatika kona ilikuwa imekatwa kona. Katika ukumbi akatokea mtu mdogo wa matofali aliyevaa kitambaa chekundu, na sauti ya Mwanakombo ikaja kwenye spika.

"Mdogo wangu, umechelewa. Twende ukanionyeshe."

Wakaingia chumba cha mama. Kilikuwa giza, kuta pande zote, hakuna upenyo. Mashavu akausogelea ukuta wa upande wa kisimani, akaonyesha kwa kidole kile cha mraba. Mwanakombo akang'oa tofali, na mwanga ukaingia. Akang'oa jingine. Waliona ukingo wa kisima kule uani, na Mwanakombo akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha usichana. Alinyanyua mkono kung'oa jingine, mkono ukabaki hewani.

Sauti iliporudi ilikuwa ya adabu sana, ya mtu anayezungumza na asiyemjua.

"Samahani. Wewe ni nani? Na hapa ni kwa nani? Nadhani nimepotea. Zena, njoo uzime hiki kitu, tuanze upya."

Mashavu alilisikia lile baragumu kama vile liko chumbani kwake. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa Subirini kote. Lakini alishajua kazi ya mtu aliyebaki macho.

"Usizime, dada," alisema. "Ni mimi, Mashavu. Hii ni nyumba ya baba, umeijenga wewe mwenyewe, tangu barazani mpaka hapa. Uliishia hapa. Unafungua dirisha la mama."

Kule nchi ya baridi mtu alikuwa anapumua karibu na kipaza sauti. Mtu mdogo wa kitambaa chekundu akageuka polepole, akautazama ukumbi, akalitazama jiko la uani, akakitazama kisima.

"Upande wa kisimani," alisema Mwanakombo.

"Upande wa kisimani, dada."

"Kumbe nimefika mbali hivi," alisema, akang'oa tofali lililofuata.